Mcheza Kwao Hutunzwa. Je, Asiye na Kwao? Somo Kutoka kwa Mshambuliaji Bernard Kamungo

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Mwaka huu nimepewa nafasi ya kuandika makala ya mafunzo, nami nimechagua kuandika juu ya kandanda. Najua wengine watasema, "Huyu naye na mpira wake!" Hebu nivumilieni kidogo. Nina sababu.

Mwaka jana, katika muhula wa pili, mwenzetu mmoja aliacha kuja shuleni. Sitamtaja jina. Wengi wenu mnamjua kwa mguu wake wa kushoto, maana mpira ukimfikia pale pembeni, beki anabaki akitafuta kivuli. Siku moja ya soko alikuja mtu amevaa suti ya michezo, akasema yeye ni wakala na huwapeleka vijana kucheza kandanda Marekani. Akataka shilingi elfu thelathini za "karatasi". Mamake mwenzetu aliuza ng'ombe wa maziwa. Kijana akapanda matatu hadi Nairobi, akakaa wiki tatu kwa mjomba wake akingoja simu. Simu haikulia. Yeye alipopiga, akaambiwa nambari hiyo haipatikani. Huku nyuma mitihani ya mwisho wa muhula ikampita.

Aliporudi hakutaka hata kuugusa mpira. Jioni moja tulikuwa tukipanda mlima kwenda nyumbani, maana sisi ni wa shule ya kutwa na hatuna bweni, akaniuliza swali moja. "Kwani yote ni uongo? Hakuna mtu kama sisi aliyewahi kufika huko?" Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu. Nimesoma, nimeuliza, na nimemsumbua mwalimu wetu kwa simu yake. Jibu lenyewe ni hili: wako waliofika, lakini njia yao haikuwa ile ya yule mtu wa sokoni.

MWANZO: KAMBINI NYARUGUSU

Bernard Kamungo alizaliwa tarehe 1 Januari 2002 katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania. Wazazi wake walikuwa Wakongo waliokimbia vita. Alilelewa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 ili kuwapokea watu waliotoka upande wa Kivu wakivuka Ziwa Tanganyika. Baadaye, mwaka 2015, Warundi wengi pia waliingia, na Nyarugusu ikawa mojawapo ya kambi kubwa kabisa duniani, ikiwa na watu zaidi ya laki moja.

Jamani, fikirini maisha hayo. Mkimbizi wa pale hatoki nje ya kambi bila kibali. Hana shamba lake. Chakula ni cha mgao. Lakini watoto ni watoto, na mahali popote penye watoto pana mpira. Bernard alicheza pekupeku, kwa mipira ya kujitengenezea. Hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu hata sisi wa Kilungu tunaijua kazi hiyo. Nikiwa mdogo tulikuwa tunakusanya mifuko ya nailoni, tunaibana, tunaizungushia kamba ya mkonge. Serikali ilipopiga marufuku mifuko hiyo mwezi wa Agosti 2017, tukahamia vitambaa na sponji ya godoro kuukuu. Mpira wa namna hiyo haudundi. Ukitaka uende, lazima uuguse vizuri. Nadhani ndiyo sababu watoto wa mpira wa matambara huwa na miguu laini.

Na tusisahau jambo moja linalotuhusu sisi wa Chama cha Kiswahili. Lugha yake ya utotoni ni hii hii yetu. Wakongo wa mashariki na Watanzania wa Kigoma huelewana kwa Kiswahili. Kwa hiyo mshambuliaji ninayewaeleza, kama angepita hapa sokoni leo, angenunua ndizi bila mkalimani.

TEXAS BILA KIINGEREZA

Mwaka 2016, Bernard akiwa na umri wa miaka 14, familia yake ilipewa makao Marekani chini ya mpango wa kuwahamisha wakimbizi. Walipelekwa Abilene, mji ulio katika jimbo la Texas. Kumbukeni vizuri: hakwenda huko kama mwanasoka. Hakuna wakala aliyemchukua. Alikwenda na wazazi wake kama mtoto yeyote wa mkimbizi, bila Kiingereza, kuanza masomo katika nchi asiyoijua.

Huko aliandikishwa shule, baadaye akasoma katika shule ya upili ya Abilene, na hapo ndipo uwanja wa nyasi na viatu vya mpira vilipomkuta. Mtu asiyejua lugha ya darasani hukaa kimya siku nzima. Kengele ya michezo ikilia, naye anapata sauti. Pasi haihitaji kamusi. Alifunga mabao mengi kwa timu ya shule, lakini Abilene si mji unaotembelewa na wasaka vipaji wa klabu kubwa. Ni mbali na Dallas kwa takriban kilomita 300, kama kutoka Nairobi hadi kukaribia Voi. Bila shaka wapo wafungaji wengi wa shule waliokwama hapo hapo, wakamaliza masomo na kuingia kazi nyingine.

KAKA MTU

Kilichomwokoa Bernard ni kakake mkubwa. Klabu ya North Texas SC, ambayo ni timu ndogo ya FC Dallas, ilitangaza majaribio ya wazi: kijana yeyote aje, alipe ada ya kiingilio, acheze mbele ya makocha. Kakake akamwandikisha na kumlipia. Bernard akaenda, akacheza, akaonekana, na mwaka 2021 akatia sahihi mkataba na North Texas.

Wasomaji wangu, hapa ndipo mimi mwenyewe nilikwama. Kumbe hata yeye alilipiwa pesa! Basi kuna tofauti gani kati ya kaka yule na mama aliyeuza ng'ombe? Wote wawili walimpenda mtoto. Wote wawili walitoa pesa. Nitalirudia swali hili mbele, kwa sababu ndilo kiini cha somo.

NGAZI ZA LIGI ZA MAREKANI

Kabla ya kuendelea, ni vyema tuelewe kandanda ya Marekani inavyoendeshwa, maana haifanani na ya kwetu wala ya Uingereza.

Ligi kuu inaitwa MLS. Ilianza mwaka 1996, miaka miwili baada ya Marekani kuandaa Kombe la Dunia la 1994. Kabla yake kulikuwa na ligi nyingine, NASL, ambayo Pele aliichezea akiwa na New York Cosmos kuanzia mwaka 1975 hadi 1977. Ligi hiyo ilicheza msimu wake wa mwisho mwaka 1984. MLS ilianza na timu 10, na mwaka 2025 zilifika 30, zikiwemo za Kanada.

Mambo matatu yanashangaza. Kwanza, katika MLS hakuna kushuka daraja. Timu ikishika mkia, mwaka unaofuata iko pale pale. Pili, mchezaji hutia sahihi mkataba na ligi yenyewe, si na klabu peke yake kama kwingineko. Klabu mbili zinaweza kubadilishana wachezaji, na kijana akaamka asubuhi akaambiwa mji wake sasa ni mwingine. Tatu, kwa miaka mingi mlango mkubwa wa kuingilia umekuwa chuo kikuu. Kila mwaka klabu huchagua kwa zamu wachezaji waliong'ara vyuoni. Mlango mwingine ni vituo vya vijana vya klabu zenyewe, na wa tatu ni timu ndogo kama North Texas.

Bernard aliingia kwa mlango huo wa tatu. Mwaka 2022 ilianzishwa ligi ya timu ndogo iitwayo MLS Next Pro, na katika msimu huo wa kwanza alitia wavuni mabao 16. Mwaka huo huo FC Dallas wakampandisha kwenye kikosi cha kwanza. Tazameni hesabu: 2016 kambini, 2021 timu ndogo, 2022 timu kubwa. Ukisikia haraka utadhani ni muujiza. Lakini kati ya 2016 na 2021 kuna miaka mitano ya kwenda shule, kujifunza lugha, na kufunga mabao ambayo hakuna gazeti kubwa lililoyaandika. Haba na haba hujaza kibaba.

USIKU WA MESSI

Tarehe 6 Agosti 2023, FC Dallas waliwakaribisha Inter Miami katika uwanja wao wa Frisco, Texas, kwenye mashindano ya Kombe la Ligi yanayoshirikisha timu za MLS na za Mexico. Inter Miami walikuwa wamemsajili Lionel Messi mwezi uliotangulia, na hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza ya ugenini akiwa na klabu hiyo. Uwanja ulifurika.

Messi alifunga mapema, dakika ya sita. Dallas wakasawazisha. Halafu, dakika ya 45, mtoto wa Nyarugusu akautia mpira kimiani, Dallas wakaenda mapumzikoni wakiongoza 2-1. Kipindi cha pili wakafika hadi 4-2. Lakini Messi ni Messi. Inter Miami wakarudi, mkwaju wake wa adhabu dakika ya 85 ukafanya mambo kuwa 4-4, na Dallas wakatolewa kwa mikwaju ya penalti, 5-3.

Kwa hiyo siku hiyo Bernard alishindwa. Nalisema hili wazi kwa sababu sisi wapenzi wa mpira hupenda kusimulia bao na kuficha matokeo. Alifunga, timu ikatoka, na wiki iliyofuata akarudi mazoezini kama kawaida. Mshambuliaji huishi hivyo. Anakimbia mara ishirini kwenye nafasi iliyo nyuma ya mabeki, mpira haumfikii. Mara ya ishirini na moja unamfikia, na akiupaisha juu ya mwamba, anazomewa yeye. Asiyeweza kuzikimbia zile ishirini hawezi kuwepo siku ya ile moja.

Tarehe 20 Januari 2024 Bernard alivaa kwa mara ya kwanza jezi ya timu ya taifa ya Marekani, katika mechi ya kirafiki dhidi ya Slovenia mjini San Antonio. Marekani walilala 1-0. Lakini kijana aliyelelewa akihitaji kibali cha kutoka kambini alisimama pale akiimbiwa wimbo wa taifa.

SI YEYE PEKE YAKE

Msije mkasema ni bahati ya mmoja. Handwalla Bwana alizaliwa Mombasa mwaka 1999, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya Somalia, akakulia katika kambi ya Kakuma, hapa hapa Kenya. Familia yake nayo ilihamishiwa Marekani. Alisoma shule ya upili ya Ballard mjini Seattle, akacheza katika Chuo Kikuu cha Washington, na mwanzoni mwa mwaka 2018 akasajiliwa na Seattle Sounders kama mshambuliaji wa pembeni. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa MLS mwaka 2019. Mwaka 2020 alihamishiwa Nashville kwa yale mabadilishano niliyoyaeleza.

Philip Mayaka, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda kusoma shule ya upili katika jimbo la Florida, akaingia Chuo Kikuu cha Clemson, na mwaka 2021 akawa wa tatu kuchaguliwa katika uteuzi wa wachezaji wa vyuo, akichukuliwa na Colorado Rapids. Yeye ni kiungo. Lawrence Olum, Mkenya mwenzetu, alikuwa katika kikosi cha Sporting Kansas City kilichotwaa ubingwa mwaka 2013. Na Nizar Khalfan wa Tanzania aliichezea Vancouver Whitecaps, akaendelea nayo ilipoingia MLS mwaka 2011.

Je, mmeona kitu? Kamungo, Bwana na Mayaka, wote watatu walipitia darasani. Baba yangu huniambia kila siku, "Mpira utakuvunja mguu, kitabu hakivunji." Mimi humjibu kimoyomoyo kwamba vitu hivi viwili si maadui. Kwa njia ya Marekani, kitabu ndicho kilichoushika mlango ili mpira upite.

MLANGO NA MTEGO

Sasa turudi kwenye lile swali. Kaka mtu alilipa, mama wa mwenzetu naye alilipa. Tofauti iko wapi? Nimeiandika kwa nambari ili iweze kunakiliwa.

1. Kaka alilipa ada kwa klabu yenyewe, klabu yenye uwanja, makocha na ligi inayojulikana. Mama alimpa pesa mtu mkononi, na mtu huyo hana hata ofisi.

2. Majaribio ya Bernard yalitangazwa wazi, katika jimbo walilokuwa wanaishi. Angeshindwa, angelala nyumbani na kurudi kwenye maisha yake. Mwenzetu aliambiwa aache shule kwanza.

3. Majaribio ni kupimwa. Ada yake ilinunua nafasi ya kuonekana, basi. Yule wa sokoni aliahidi mkataba kabla hata hajamwona kijana akipiga danadana.

4. Sheria ya FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, ila kwa sababu chache maalumu, kwa mfano wazazi wake wakihama kwa mambo yasiyohusu mpira. Bernard na Bwana walihama na familia zao. Sisi wa miaka kumi na sita tunaoambiwa, "Wiki ijayo unaruka kwenda kuchezea klabu," tunaambiwa uongo. Sheria yenyewe inakataa.

5. Tangu mwaka 2023 FIFA inataka wakala awe amefaulu mtihani na kupewa leseni, na hawezi kumfuata mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza mtu wa namna hiyo ni fupi: "Leseni iko wapi?"

Laiti tungelijua hayo mwaka jana! Ng'ombe yule angekuwa bado zizini.

KWAO NI WAPI?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Maana yake ni kwamba anayefanya jambo kwa watu wake hupata zawadi na heshima. Lakini Bernard, kwao ni wapi? Kongo ya wazazi wake hakuzaliwa. Tanzania alizaliwa, lakini ndani ya kambi. Marekani alifika akiwa na miaka 14. Nimesikia watu wakimlaumu kwamba angeichezea Tanzania. Mimi naona methali ijibiwe kwa methali: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Maoni yangu ni kwamba kwao mtu ni pale alipopata mtu wa kumwona na kumfungulia. Na hilo linatugusa sisi. Hapa Nunguni uwanja wetu umeinama, na mpira ukipita nyuma ya goli unateremka matuta yote hadi bondeni, anayeufuata anarudi akihema. Sisi wa kutwa tunaondoka mapema, kuna maji ya kuteka na ng'ombe wa kulisha. Hata hivyo, kama tungekuwa na mashindano ya madarasa kila Ijumaa, mwalimu akaandika majina na mabao daftarini, tungekuwa na ushahidi wa kumwonyesha kocha yeyote wa kweli. Mcheza kwao hutunzwa, lakini wa kwao wanapaswa kuwa wanatazama. Nawaomba walimu wetu walifikirie.

TAMATI

Makala hii nilimsomea yule mwenzetu kabla sijaipeleka kwa mhariri, tukiwa njiani kama siku ile. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Kwa hivyo kakake hakumwahidi kitu?" Nikamwambia, "Hakumwahidi. Alimlipia tu ajaribu." Akanyamaza tukapita kona mbili. Halafu akauliza ni nani anayekaa golini siku hizi kwa Kidato cha Tatu.

Shime wenzangu! Tusome, tucheze, na tuulize maswali kabla ya kutoa pesa. Kuuliza si ujinga.

MSAMIATI

Danadana: kuupiga mpira juu kwa mguu mara nyingi bila kuanguka chini.
Kimiani: ndani ya nyavu za goli.
Kiungo: mchezaji wa katikati anayeunganisha ulinzi na ushambulizi.
Mwamba: mti wa juu wa goli.
Pekupeku: bila viatu.
Wakala: mtu anayemwakilisha mchezaji katika mikataba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja milango mitatu ya kuingilia ligi kuu ya Marekani. Kamungo alipitia upi?
2. Kwa nini mwandishi anasema Kamungo "hakwenda kama mwanasoka"? Eleza uhusiano wa jambo hilo na sheria ya FIFA.
3. "Kitabu ndicho kilichoushika mlango ili mpira upite." Jadili kwa kurejelea wachezaji watatu.
4. Je, Kamungo alifanya vyema kuichezea Marekani? Pande mbili zijadiliane katika kikao kijacho cha chama.